Mgeni Asiyekunywa

"Usinywe hata maji," Shangazi Sabina alisema mara tu gari lilipowashusha, na akalirudia neno hilo kana kwamba Selestina alikuwa mtoto wa chekechea, si mwanamke mwenye cherehani zake mwenyewe pale Igoma. "Umesikia, nyathina, mwanangu? Wakikupa soda, shika mkononi. Wakikupa uji, sema umeshiba. Mwanamke aliyekuja kuona mji wa mchumba akinywa, ameshajibu. Hakuna tena cha kuongea."

"Na kwao ni hivyo?"

"Ni hivyo hivyo, nimeuliza. Kwa hili Mjaluo na Msukuma hawana ugomvi. Na nisikuone unamtafuta kwa macho. Kijana leo haonekani. Anaitwa mwishoni, kama kuna cha kumwitia."

Shangazi alikuwa ametoka Shirati na mkoba mweusi, viatu vya kanisani na mamlaka kamili. Mzee Okech, baba yake Selestina, alikuwa amemkabidhi jambo lote. Binti akiuona mji wa huyo Mashimba na akanywa, wazee wa pande mbili wataketi kuzungumza mahari. Akirudi na midomo mikavu, jambo limekufa, na kwao hakuna mwanamke aliyewahi kurudi kuuona mji ule ule mara ya pili. Jua likizama bila Selestina kumeza kitu, Mashimba angebaki jina tu kwenye simu yake, na baadaye hata kwenye simu angefutwa.

Na Selestina alikuwa anampenda. Tuliseme mapema, maana mwenyewe alikuwa amechoka kulificha. Alimpenda tangu siku ile alipoingia dukani kwake Igoma na kipande cha kamba mkononi, mrefu, mweusi tii, mpole wa sauti, akaomba ashonewe mkanda wa turubai.

"Wa kiunoni?" Selestina alimuuliza.

"Wa shingoni. Nimepima kwa kamba hii."

"Shingo ya nani?"

"Ya Diwani."

Alicheka mpaka wateja wakageuka. Kumbe Diwani ni mbwa, na jina hilo alipewa na kijiji kizima kwa sababu hakuna uwanja asioingia, mchana kutwa anapita nyumba kwa nyumba kama anaomba kura. Mkanda ukashonwa kwa uzi wa bluu. Mashimba akarudi wiki iliyofuata kusema umemkaa vizuri, akarudi tena kusema bado umemkaa vizuri, na akawa harudi kijijini kwao Busisi bila kupita Igoma kila alipoleta matikiti yake mjini.

Lakini mapenzi hayo sasa yalikuwa na mwiba. Asubuhi ile, walipokuwa Kigongo, shangazi alinunua mahindi ya kuchoma, na kwa bei ile ile akanunua na habari. "Mashimba?" muuza mahindi alisema huku akipepea mkaa. "Yule wa mwanamke wa kule ziwani? Mwenye mtoto?" Walipokuwa juu ya daraja, maji yakimeremeta huku na huku, shangazi alimwinamia Selestina sikioni. "Mwanaume anayeacha kazi nzuri mjini akarudi kulima matikiti, amefuata kitu. Au amefuata mtu." Selestina alitazama ziwa upande wake mpaka gari likafika ng'ambo, na hakuona hata wimbi moja.

Mama yake Mashimba aliwapokea nje ya nyumba ya bati jipya, uwanja umefagiwa mpaka alama za ufagio zinaonekana. Selestina alipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, inuka, usichafue gauni. Karibuni jamani, mmechomwa na jua. Winnie! Maji ya wageni!"

Binti wa nyumba alikuja na kata iliyojaa mpaka ukingoni, imechotwa kwenye mtungi uliokaa kivulini. Baridi yake Selestina aliisikia usoni kabla hajaifikia. Shangazi akakohoa.

"Asante, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba maji?" mama aliuliza, na macho yake yakacheka, kwa sababu alilijua jambo hilo kuliko shangazi. Aliipokea kata mwenyewe akaiweka juu ya kifuniko cha mtungi, ikiwa imejaa vile vile. "Basi itakaa hapa. Maji hayana haraka."

Baba wadogo wawili wa Mashimba wakasogeza viti. Binti haketi pale jina lake linapojadiliwa, kwa hiyo mama akasema Winnie amtembeze mgeni, aione nchi. Shangazi akakataa. Winnie ni wa nyumba hii, alisema, atamjaza mtoto wa watu sifa. Aende peke yake, atumie macho yake.

"Atapotea," mama alisema.

"Si kuna mbwa?" Shangazi alinyoosha kidole kwenye kivuli cha kihenge, ambako mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika, alikuwa amelala chali bila aibu. "Huyo hana mdomo wa kumsifia mtu."

Mama alimtazama mbwa, akamtazama shangazi, na kicheko akakimeza. "Haya. Mfuate Diwani, mwanangu. Saa hizi ndiyo saa yake ya kuzunguka. Atakupeleka na atakurudisha."

Shangazi Sabina alikuwa mjanja wa mambo mengi, ila hakuwahi kufuga mbwa. Hakujua kwamba mbwa anayetembea na mtu mmoja siku zote ana njia moja tu kichwani, na anasimama pale tu anaposimama bwana wake. Siku hiyo alimtuma binti wa kaka yake akauone mji, na bila kujua akampa msemaji wa ukweli mtupu.

Diwani aliinuka, akajinyoosha mbele na nyuma, akamnusa Selestina viganja. Shingoni alikuwa na mkanda wa turubai, umechakaa kingo, uzi wa bluu bado umeshika. Selestina aliupitishia kidole na moyo ukamlegea. Kisha mbwa akatoka mbele kwa mwendo wa mtu mwenye ratiba.

Njia ilikata katikati ya mihogo, ikapita penye matuta ya viazi, ikateremka kwenye bonde ambalo mpunga ulikuwa unaanza kukomaa, kijani kikigeuka dhahabu pembeni pembeni. Juu ya mawe makubwa watu walikuwa wameanika michembe, vipande vya viazi vitamu, na harufu yake tamu ilifuata upepo. Selestina alikuwa amekulia ziwani, lakini ziwa la kwao lilikuwa la ngalawa na makelele ya mwalo wa samaki. Hili la hapa lilikuwa linachungulia tu, mara katikati ya mipapai, mara nyuma ya jiwe, kama linamtania. Ng'ombe walipita na kengele zao, mchungaji akamsalimu Diwani kwanza ndipo akamsalimu yeye. Ni nchi nzuri, alikiri moyoni. Ni nzuri mno, na hilo lilimuudhi, kwa sababu alitaka kuwa na hasira.

Walipofika penye mlima wa mawe, Diwani aliacha njia akapanda. Selestina akavua viatu akamfuata. Kileleni palikuwa na jiwe moja pana, bapa. Mbwa alizunguka mara moja, akajilaza ubavuni mwake, akashusha pumzi ndefu ya mtu anayejua atakaa sana.

"Sasa tunafanya nini hapa, mheshimiwa?" Selestina aliuliza.

Diwani akafumba macho.

Alitazama huku na huku. Ziwa lote lilikuwa chini yake, bluu hadi lilipoungana na mbingu, daraja limelala juu ya maji kwa mbali, minandi wakiruka chini chini kuelekea visiwani. Ukimya wa pale ulikuwa mtamu. Ndipo simu yake, iliyokuwa imekufa mtandao tangu wafike kijijini, ikalia mfululizo mkobani.

Hapo ndipo alipoelewa. Kila jioni Mashimba akimpigia humwambia, "Niko juu ya jiwe langu," naye alidhani ni maneno ya mapenzi, ya mwanaume anayejidai mfalme. Kumbe lilikuwa jiwe kweli. Ili asikie sauti yake, mtu huyu hupanda mlima huu kila siku baada ya kazi ya jembe, mvua na jua, na mbwa huyu amekaa hapa akisikiliza mazungumzo yao yote mpaka akajifunza kulala. Pembeni palikuwa na magunzi makavu ya mahindi aliyotafuna akiongea. Selestina aliokota gunzi moja, akalishika mkononi kijinga kabisa, akacheka peke yake, na machozi yakamlenga.

"Ulinisikia nikimnunia, eh?" alimwambia mbwa. "Siku ile ya msiba wa mama Dorcas. Ulisikia yote?"

Diwani alitikisa mkia mara moja bila kufumbua macho. Alipoona maongezi ya leo hayaji, aliinuka akateremka upande wa pili, upande wa ziwa, na Selestina akamfuata akiwa na furaha aliyoiogopa.

Koo lilikuwa limeanza kumkauka. Jua la alasiri lilikuwa halina huruma, na mama mmoja aliyekuwa akipalilia alimwita aje anywe togwa. Akashukuru akapita. "Mgeni gani asiyekunywa!" alimsikia yule mama akisema nyuma yake, kisha kicheko. Kijiji kizima kilijua amekuja kufanya nini.

Diwani akaingia kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa minyaa, karibu kabisa na ufukwe. Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akakaa, masikio wima. Mtoto wa kike, bado mdogo hata meno ya mbele hayajatimia, akatoka mbio akamkumbatia shingo. Kisha akachungulia nyuma ya mbwa.

"Mashimba yuko wapi?" mtoto aliuliza. "Maziwa yetu yako wapi?"

Mwiba ulizama mpaka kwenye mfupa. Mwanamke mwenye mtoto, kule ziwani. Na mbwa hakusita mlangoni, alikaa pale kama mtu wa nyumbani.

Aliyetoka ndani alikuwa mzuri. Selestina angependa kusema vinginevyo, lakini alikuwa fundi wa nguo na jicho lake halikuwa na uongo. Alikuwa mzuri wa shingo na mabega, kanga ya kawaida imemkaa kama imekatwa na fundi. Wakatazamana.

"Karibu, dada. Wewe ni Selestina," yule mwanamke alisema.

"Na wewe?"

"Naitwa Queen. Mimi ndiye uliyeambiwa habari zangu." Alisema bila kiburi na bila aibu. "Nani alikwambia? Muuza mahindi wa Kigongo? Yule ni shemeji yangu, hajawahi kunisamehe kumwacha ndugu yake. Kaa, nikuletee maziwa."

"Sinywi."

Queen alitabasamu. "Ndiyo. Nimesahau."

Ndani sauti ya kizee iliuliza ni nani. Bibi Getruda, mama yake Queen, alitoka akiegemea ukuta, goti lake likimsumbua, akaketi kwenye kigoda. Selestina akapiga magoti kumsalimu, maana hasira haiondoi adabu. Bibi alimshika mkono akaugeuza geuza.

"Mkono wa kazi," alisema. "Amechagua vizuri mwanangu."

"Mwanao ni nani, bibi?"

"Si Mashimba? Nina mwingine?"

Selestina alimgeukia Queen, na swali alilokuwa analikwepa tangu asubuhi likamtoka. "Huyu mtoto ni wake?"

"Hapana. Baba yake yuko Ukerewe, ana mitumbwi mitatu na wanawake wawili, na mimi nilikuwa wa tatu mpaka nilipochoka." Queen alimvuta mtoto magotini. "Lakini ng'ombe wa mahari ya Mashimba waliwahi kufika kwenye uwanja huu, dada, sikufichi. Walilala hapa usiku mmoja. Asubuhi mimi nilikuwa nimeshapanda boti. Mengine muulize mwenyewe. Mimi nikikusimulia zaidi utasema najitetea."

Selestina alisimama. Aliaga kwa heshima, akatoka, na nje ya minyaa akaanza kutembea haraka, viatu mkononi, mchanga ukimchoma nyayo. Alikuwa ameulizwa kwenye simu mambo mangapi na Mashimba, amekula nini, amelala saa ngapi, cherehani ile mbovu imepona? Na mwenyewe akaficha hili. Diwani alimpita mbio, akatoweka kwenye mafunjo. Selestina alimfuata kwa sababu hakujua njia nyingine, na mafunjo yalipoachana akajikuta kwenye bustani ya matikiti, ziwa likilamba ukingo wake, na Mashimba mwenyewe amechutama katikati ya mistari, ndoo ya kumwagilia mkononi, mbwa akimlamba sikio.

Aliinuka taratibu. Shati lake lilikuwa limeloa mgongoni. Alimtazama Selestina kwa furaha ya kwanza, ile isiyofichika, halafu akakumbuka akarudi nyuma hatua moja.

"Hutakiwi kuniona leo."

"Mwambie mbwa wako."

"Diwani," Mashimba alimwambia mbwa kwa uchungu, "umeniangusha." Kisha akauona uso wa Selestina vizuri. "Amekupitisha kwa Bibi Getruda."

"Amenipitisha kila mahali. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka."

"Juu ya jiwe unaongea mpaka mbwa analala. Ukakosa nafasi?"

Alitua ndoo. Hakutafuta maneno mazuri, na hilo Selestina aliliona hata akiwa na hasira. "Niliogopa. Mwanamke wa mjini, fundi, ana mafundi chini yake. Ningemwambia nini? Kwamba ng'ombe wangu walirudishwa kijiji kizima kikiangalia? Nilitaka kwanza unione mimi. Nikasema nitamwambia kesho, na kesho nikasema kesho."

"Unampenda bado?"

"Nilimpenda. Nisikudanganye, nilimpenda sana, na iliniuma mpaka nikaenda kufanya kazi mjini nisimwone mtu. Sasa nikimwona nauliza goti la mama linaendeleaje, basi. Hakuna kingine, Selestina. Ningekuwa nacho ungeshakijua. Sina uso wa kuficha."

Hilo lilikuwa kweli. Uso wake wote ulikuwa mbele yake, na ulikuwa na hofu.

"Sasa maziwa kila siku ya nini? Mtoto anayangoja mlangoni. Watu wanasema."

"Siku ile ya ng'ombe, Bibi Getruda alinipa kibuyu cha maziwa mbele ya wazee, nikanywa. Akasema, sasa wewe ni mwanangu." Mashimba alijifuta mikono kwenye suruali. "Binti yake alibadili nia. Ni haki yake. Lakini yule mama hakubadili, na hana mwana mwingine. Mimi nilikunywa. Nitakwenda kuyatapika wapi?"

Selestina aliviweka viatu mchangani. Furukombe alilia juu ya maji. Upepo wa ziwa ulikuja ukampoza jasho shingoni, na alimtazama mwanaume huyu, magoti yake yana udongo, aliyekataliwa hadharani na bado, tangu arudi, akawa anaipitia ile ile nyumba kila siku na chupa ya maziwa, watu waseme watakavyosema. Alijua wanaume wa mjini wasioweza kumsalimu hata mama mwenye nyumba baada ya kuhama. Heshima ilimpanda kifuani ikakutana na mapenzi yaliyokuwa pale tangu zamani, akashindwa kuyatenganisha.

"Nina kiu," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Najua. Midomo yako imekauka." Mashimba alichota maji safi kwenye ndoo nyingine. "Leta mikono. Kunawa si kunywa."

Alimmiminia polepole. Maji yalipita vidoleni, viganjani, yakateremka hadi viwiko. Selestina alinawa uso, alinawa shingo, na alipoinua macho Mashimba alikuwa amekinga maji kidogo katika viganja vyake viwili, anamtazama kama mtu aliyesahau alichokuwa anafanya. Walikuwa karibu mno. Hakukuwa na mtu, mafunjo yamewafunika pande zote, na kiu ilikuwa kali. Selestina aliinama kwenye viganja vile.

Mashimba akavifungua. Maji yote yakamwagika mchangani.

"Mashimba!"

"Si hapa. Naomba, si hapa. Yule wa kwanza alikunywa hapa hapa, kwenye mikono hii, tukacheka, nikaamini. Alipobadili nia akasema hakuna aliyeona. Wewe ukitaka kunywa, kunywa mbele ya shangazi yako, mchana, watu wakiangalia. Na kama hutaki, basi urudi na kiu yako, nami sitakulaumu. Lakini sikuibii jibu lako kichakani."

Alikuwa amefumba ngumi kana kwamba mikono yenyewe ingemwasi. Selestina alinyoosha kidole, akamgusa ngumi moja tu, kidogo.

"Rudi nyuma ya zizi la kwenu," alimwambia. "Usionekane. Diwani, twende."

Mbwa aliwatazama wote wawili, akaonekana kuhesabu hasara zake, kisha akamfuata mwanamke. Mashimba aliliona hilo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipoingia uwanjani. Shangazi Sabina alikuwa amesimama, mkoba begani, viatu vimefungwa. Baba wadogo walikuwa wanatazama chini. Mama yake Mashimba aliketi kando ya mtungi, mikono mapajani, na juu ya kifuniko kata ilikuwa bado imejaa.

"Umerudi. Vizuri," shangazi alisema. "Nimewauliza habari za yule mwanamke, na hawakukana. Ni kweli yupo. Waage wazee, tuondoke kabla ya giza."

"Nimemwona, shangazi. Anaitwa Queen."

"Umemwona!"

"Na mama yake, na mtoto. Mtoto si wake. Maziwa ndiyo yake." Selestina alipumua. "Alikunywa kwa yule mama, shangazi. Ndoa ikavunjika, na bado hajaacha kuwa mwana wake. Wewe ndiye uliyenifundisha uzito wa kunywa. Hapa nimemkuta mtu anayeujua kuliko sisi."

"Mwanamke wa zamani yuko kwenye njia ya nyumbani kwako, Selestina. Kila siku utapita hapo."

"Nitapita. Nitamsalimu."

"Watu watasema."

"Wameshasema. Nimewasikia Kigongo, nikaja kuona mwenyewe. Si ulisema nitumie macho yangu?"

Selestina alitembea mpaka kwenye mtungi, akapiga magoti mbele ya mama yake Mashimba, akaichukua kata kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito. Alimgeukia shangazi yake ili amwone vizuri usoni, kisha akanywa.

Hakunywa kwa maringo ya bibi harusi. Alikunywa kwa kiu ya siku nzima, funda baada ya funda, maji yakimchuruzika kidevuni yakaingia kwenye kola ya gauni aliloshona mwenyewe. Winnie alipiga kigelegele kabla ya kuruhusiwa. Mama yake Mashimba alifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, na nyuma ya zizi kitu kikaanguka kwa kishindo, labda ndoo, labda mtu.

Selestina alishusha kata, anahema. Alimtazama shangazi yake na ghafla akaogopa kweli, kwa sababu huyu ndiye aliyemlea, na uso wake ulikuwa haujasema lolote.

Shangazi Sabina aliushusha mkoba begani. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, taratibu, kama mtu aliyesimama tangu alfajiri. Akavua kiatu kimoja, kisha cha pili.

"Yamebaki?" aliuliza.

"Nini, shangazi?"

"Maji, mtoto wee. Mimi pia sijameza kitu tangu Kigongo. Ulidhani nilikuwa nakukataza peke yako?"

Selestina alimpelekea kata akiwa amepiga magoti. Yalikuwa yamebaki kidogo chini. Shangazi aliyatazama, akamtazama binti wa kaka yake, akayanywa yote, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Haya," alisema. "Mwiteni huyo kijana, nimwone."

Lakini Diwani alikuwa ameshakwenda kumwita, nyuma ya zizi.